Kazi ya nyumbani 9, mtihani 38

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Kijana wangu ana miaka 12, yupo darasa la sita. Hadi mwaka jana alikuwa wa katikati, hasumbui mtu. Mwaka huu hesabu zimemwangusha: majaribio mawili ya mwanzo alipata 44 na 41, mtihani wa kati ya muhula akashuka hadi 38 kwa 100. Kinachonichanganya ni kwamba kazi za nyumbani anapata 8 au 9 kwa 10 karibu kila siku, maana nakaa naye mezani mpaka yote yawe sawa. Kuna siku tunamaliza saa nne usiku, yeye analia, mimi nimeshakasirika, na saa kumi na moja alfajiri inabidi aamke.

Mwalimu wake wa hesabu nimeongea naye mara moja tu, siku ya kikao cha wazazi. Tulikuwa wengi, nikapata kama dakika tano. Akaniambia, "Akili anazo, bidii hana. Kaza kamba, mzazi." Nikamjibu kwamba nyumbani mtoto anajituma, labda darasani haeleweshwi. Hakupenda. Tangu hapo nikimtumia ujumbe hajibu, na simu ya shule ikilia ni malalamiko: kachelewa, kasinzia, kaongea. Baba yake anasema tutafute tuisheni, na fimbo nayo ifanye kazi yake. Kwenye kundi la WhatsApp wazazi wenzangu wanasema mwalimu huyo hafai, twende wote kwa mwalimu mkuu. Nianzie wapi?

Mama wa darasa la sita

JIBU

Mama, pole. Kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, rudi kwenye namba zako mwenyewe, kwa sababu jibu kubwa limo humo. Mtoto anayepata 9 kwa 10 nyumbani na 38 kwa 100 darasani ana daftari linalosema uongo. Hakuna aliyekusudia. Unapokaa naye mpaka kila jibu liwe sahihi, kosa linafia mezani kwenu. Asubuhi mwalimu anafungua daftari, anaona tiki tisa, anajiambia mada imeeleweka, anasonga mbele. Siku ya mtihani wewe haupo, inatokea 38, naye anatafuta sababu. Iliyo karibu zaidi ni uvivu: kama nyumbani anaweza na hapa hawezi, basi hataki. Wewe unayemwona akihangaika hadi usiku unahitimisha kwamba mwalimu hafundishi. Kila mmoja anasema kweli kwa kile alichokiona, na mliyoyaona hamjawahi kuyaweka meza moja.

Basi hatua ya kwanza haimhusu mwalimu. Kusanya daftari la hesabu na karatasi zote tatu za mitihani, zima simu, tenga saa moja mtoto akiwa hayupo. Usihesabu alama. Tafuta anakosea hatua gani.

Tuseme ni kujumlisha sehemu, mada inayowaangusha wengi umri huo. Swali ni 1/2 + 1/3. Mtoto wa kwanza ameandika 2/5: amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wa pili anajua kwamba asili, yaani namba za chini, lazima zilingane, amepata kigawe kidogo cha shirika (KDS) 6, lakini akaandika 1/6 + 1/6 = 2/6, yaani amebadilisha asili na kusahau kiasi, namba ya juu. Wa tatu amelipata hilo, 3/6 + 2/6 = 5/6, ila alipofika 3/4 + 1/6 ameacha wazi kwa sababu jedwali la kuzidisha halimtoki haraka na muda ukaisha. Kwenye ripoti wote watatu ni "amefeli sehemu". Kwa kazi inayotakiwa, hawafanani hata kidogo. Wa kwanza anahitaji kufundishwa upya sehemu ni kitu gani. Wa pili anahitaji hatua moja tu. Wa tatu hana shida na sehemu kabisa, anahitaji jedwali. Ukimwambia yeyote kati yao "ongeza bidii", utakuwa hujamwambia kitu.

Chagua maswali kumi aliyokosa, yaandike upya kwenye karatasi safi, umpe siku inayofuata bila daftari na bila wewe pembeni. Yatajigawa mafungu matatu. Anayoyapata sasa alikosea kwa haraka au muda ulimwishia. Anayoyaanza vizuri na kukwama katikati alijua, hatua moja imepotea. Asiyojua hata pa kuanzia hakuyaelewa tangu siku yalipofundishwa. Andika namba za kila fungu, mfano 2, 3, 5. Hizo ndizo utakazompelekea mwalimu.

Ukiwa na daftari mkononi, angalia na mambo mengine mawili. La kwanza ni tarehe. Pengo la siku mbili au tatu katikati ya mada mpya laweza kueleza mengi kuliko uvivu, hasa kama mada ilianza siku hiyohiyo ambayo hakuwepo. La pili ni jinsi anavyonakili. Kama maswali ya ubaoni anageuza 6 kuwa 8 au 3 kuwa 5, lakini akinakili kutoka kitabuni hakosei, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Kama anafuata maelezo yaliyoandikwa na kupoteza yaliyosemwa kwa mdomo, apimwe na masikio.

Na usingizi, maana huu umeutaja bila kuutaja. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 7. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, wanawapangia watoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12 kwa siku. Vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mwanao anadaiwa angalau saa mbili kila usiku wa namna hiyo. Kuchelewa, kusinzia na kuropoka darasani, yale malalamiko yote ya simu, mengine yanaweza kuwa yanazaliwa hapo mezani kwenu.

Sasa mwalimu. Swali ulilouliza kikaoni, kama walivyouliza wenzako wote, bila shaka lilikuwa "Anaendeleaje?" Swali hilo halina jibu lingine ila "aongeze bidii". Mwalimu mwenye wanafunzi 60 akimpa kila mzazi dakika tano anahitaji saa 5 za mfululizo bila kunyanyuka. Hawezi kukuchambulia mtoto papo hapo. Inabidi uende umeshachambua nusu, umwachie nusu anayoiweza yeye tu. Muandikie hivi, kwa maneno yako:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa fulani, darasa la sita. Nimegundua kwamba nimekuwa nikimsahihishia kazi za nyumbani, kwa hiyo alama ulizokuwa ukiziona hazikuwa zake. Nimempa maswali kumi aliyokosa mtihani: mawili ameyapata, matatu amekwama katikati, matano hajui pa kuanzia, na yote matano ni ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Naomba dakika 15 wiki hii au ijayo, siku na saa itakayokufaa, nije na karatasi hizo."

Angalia kilichomo. Umekiri sehemu yako kwanza, na hiyo peke yake inafuta nusu ya ugomvi wa siku ya kikao. Umetaja mada. Umeomba muda wenye kikomo, na kumwachia yeye kuchagua. Kisichomo ni neno "kwa nini". Tuma mchana, siku ya shule. Ujumbe wa saa nne usiku husomwa kwa jicho moja na kusahauliwa asubuhi.

Asipojibu, ngoja siku tatu za shule, tuma tena uleule. Bado kimya? Nenda mwenyewe wakati wa mapumziko, useme, "Sikuja kuchukua muda wako sasa, naomba tu siku." Baada ya hapo ndipo uende kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa taaluma, na mwalimu mkuu awe wa mwisho. Mzazi anayeanzia juu humlazimisha mwalimu kujitetea, na mtu anayejitetea hawezi tena kukuambia ukweli kuhusu mtoto. Hili linakuhusu hata pale mwalimu anapokuwa na makosa kweli. Isipokuwa jambo moja: kama mtoto anapigwa, anadhalilishwa au anaguswa vibaya, ruka ngazi zote, nenda juu siku hiyohiyo.

Kwenye zile dakika 15, kumi za kwanza ni zenu wawili. Mwonyeshe karatasi, uliza maswali matatu: kosa hili unaliona na darasani? Kabla ya mada hii alitakiwa ajue nini ambacho huenda hana? Njia mnayotumia darasani ni ipi, ili nisimfundishe nyingine nyumbani? Hilo la mwisho wazazi wengi hulisahau, kumbe mtoto anayefundishwa njia mbili za kutafuta KDS kabla hajaimudu moja huishia kuzichanganya. Dakika tano za mwisho mtoto aingie. Asikie watu wazima wawili wakisema kitu kimoja, naye aseme lake: anakaa wapi darasani, anaona ubao, anathubutu kunyoosha mkono?

Toka na nusu ukurasa ulioandikwa. Usitoke na ahadi za mdomo. Ndani yake kuwe na mada moja tu, kwa mfano kujumlisha na kutoa sehemu. Kazi ya mwalimu, mathalani kumhamishia mbele na kumpa maswali matatu ya kufanya mbele yake kila Ijumaa. Kazi ya nyumbani kwenu. Kazi ya mtoto mwenyewe, ambayo ni kuzungushia duara hatua inayomkwamisha badala ya kufuta. Na tarehe ya kurudi kuangalia, wiki tatu kutoka siku hiyo, kwa maswali kumi ya aina ileile. Kama mara ya kwanza alipata 2 na sasa amepata 6, mpango unafanya kazi. Kama ni 2 bado, mpango ndio uliofeli, mtoto asibebeshwe, geuzeni njia.

Makubaliano haya hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuandika malengo manane: hesabu, Kiingereza, mwandiko, tabia, usafi, kuwahi. Ndani ya wiki hakuna anayekumbuka hata moja. Ya pili ni kusahau tarehe ya kurudi, kila mtu akidhani mwenzake anafuatilia.

Omba pia ujumbe wa sentensi moja kila Ijumaa. Moja tu: "Wiki hii kabadilisha asili vizuri, bado anasahau kurahisisha jibu." Unaweza kuona ni kitu kidogo. Mwaka 2015 watafiti Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo kipindi cha likizo. Wazazi wa baadhi yao walipelekewa kila wiki sentensi moja kutoka kwa mwalimu. Miongoni mwa wanafunzi ambao wazazi wao hawakupelekewa, asilimia 15.8 walishindwa kulipata somo. Miongoni mwa waliopelekewa, asilimia 9.3. Na sentensi zilizotaja cha kurekebisha zilielekea kusaidia kuliko zile za kusifu.

Nyumbani sasa, na hapa utaumia kidogo: acha kusahihisha. Harris Cooper, Mmarekani aliyechambua tafiti nyingi za kazi za nyumbani, anashauri kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, kwa hiyo darasa la sita ni kama dakika 60 kwa masomo yote pamoja. Weka saa. Muda ukiisha, piga mstari chini ya alipofikia, andika "dakika 60, amefika hapa, swali la 4 amekwama hatua ya pili", tia sahihi, mtoto akalale. Alama zitashuka mara moja, kutoka 9 hadi labda 4, na ndiyo maana lazima mwalimu ajue mapema. Nne ya kweli inamfundisha mwalimu kitu. Tisa yako haikumfundisha.

Ndani ya saa hiyo, hesabu zipate dakika 20, siku nne kwa wiki. Dakika tano za kwanza daftari limefungwa: aandike anachokumbuka cha jana. Inaudhi, na inafanya kazi. Kuvuta jambo kutoka kichwani hulikaza kuliko kulisoma tena na tena. Dakika kumi, maswali matatu. Dakika tano za mwisho anakuelezea moja wapo kama vile wewe ndiye mwanafunzi. Mzazi asiyejua hesabu ana nafasi nzuri hapa, maana hawezi kumwahishia jibu. Maswali yako ni mawili tu: "Kwa nini umefanya hivyo?" na "Jibu hilo linaingia akilini?" Aliyepata 1/2 + 1/3 = 2/5 muulize, "Ulikuwa na nusu, ukaongeza kitu, umebaki na pungufu ya nusu?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Wazazi wengi hawafiki nne.

Nancy Hill na Diana Tyson walipojumlisha tafiti za wanafunzi wa umri huu mwaka 2009, mchango wa wazazi ulioambatana zaidi na matokeo mazuri haukuwa kumsaidia mtoto kazi za nyumbani. Ulikuwa kuzungumza naye juu ya thamani ya masomo, kuyahusisha na anachotaka kuwa, na kumfundisha kupanga namna ya kujifunza. Ukibakiwa na dakika kumi za nguvu jioni, zitumie huko.

Kwa baba yake: tuisheni si mbaya, ila ukiianza leo utakuwa umeongeza mtu mzima wa tatu asiyejua kosa liko wapi. Subirini nusu ukurasa ule, mwalimu wa tuisheni apewe nakala. Kuhusu fimbo, fikirieni tu kinachofuata. Ujumbe wa Ijumaa ukimletea mtoto kipigo Ijumaa, baada ya wiki mbili ataficha daftari, atachana karatasi, ataiga sahihi yako, na njia yote mliyoifungua itazibwa na mtu mmoja anayejua kila kitu, yaani yeye. Kubalianeni leo, wewe na mumeo, kwamba habari yoyote kutoka shuleni haitazaa adhabu kabla ya kulala usiku mmoja juu yake.

Kundi la WhatsApp libaki la matangazo: tarehe za mitihani, vikao, vifaa. Jina la mtoto wako lisitajwe humo, wala la mwalimu. Kama wazazi kumi mna lalamiko moja la kweli, mfano mada nzima haikufundishwa kabla ya mtihani, teueni wawili, andikeni ukurasa mmoja wenye tarehe na mifano, upelekwe kwa mwalimu wa somo kwanza.

Walimu mnaosoma safu hii, na ninyi mna fungu lenu. Simu ya kwanza ya mwaka isiwe ya shauri. Mzazi aliyewahi kusikia sauti yako ikisema jambo jema wiki ya pili ya muhula atakupokea tofauti wiki ya nane. Sentensi moja kwa wazazi kumi kila wiki, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 20. Darasa la watoto 60 linaisha kwa wiki sita. Asiyesoma vizuri atumiwe sauti. Anayefanya kazi usiku apewe kikao cha asubuhi, na "hakuja kikaoni" lisisomeke kuwa "hajali" mpaka ameulizwa. Na mkiona kazi ya nyumbani 9 huku jaribio ni 38, msiandike "hana bidii" pembeni ya ripoti. Mkalisheni mtoto mbele yenu na swali moja, mtazame mkono wake unasimama wapi.

Mama, kesho jioni atakwama tena, na mkono wako utaenda wenyewe kwenye kalamu. Ushike saa badala yake. Swali la 4 libaki tupu, muda uandikwe, sahihi iwekwe chini ya mstari.